Nani Alituweka Kwenye Mteremko?

Kila mvua ndefu ikizidi na udongo ukaporomoka pahali Kangema ama Mathioya, kuna swali hurudi. Mara nyingi anayeuliza ameketi gorofa ya nne huko Roysambu, chai mkononi: kwani hawa watu wa Murang'a hujenga kwa mteremko kwa nini? Si wameambiwa wahame?

Swali lenyewe si baya. Shida ni kwamba wasee huliuliza kama tusi halafu hawangoji jibu. Na jibu lipo. Lina miaka, lina sheria, lina ramani. Hakuna mtu aliamka asubuhi akasema wacha nikajenge mahali kilima kitaniangukia. Tulisukumwa pale pole pole, kwa muda wa kama miaka 70, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na kamba ya kupimia.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Kama Murang'a yako inaishia Kenol na mashamba ya mananasi, bado hujaiona Murang'a. Kaunti inaanzia chini mashariki, takriban mita 914 juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi mita 3,353 kule Nyandarua. Mito inateremka kutoka msituni: Mathioya ya Kaskazini na ya Kusini, Maragua, Gikigie, Irati, Thika. Kila mto umejichimbia bonde lake tangu enzi, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo mrefu mwembamba. Kwa Kikuyu tunauita rũgongo. Ukisimama juu ya rũgongo unamwona jirani wa ng'ambo akianua nguo, unaweza hata kumpigia kelele akusikie, lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, na utafika ukiwa umelowa jasho.

Udongo ni ule mwekundu uliotokana na volkano, na umeenda chini sana kabla ya kufika kwenye mwamba. Ni udongo mzuri ajabu. Unakunywa maji haraka, unashika rutuba, ndio unaokuza chai na kahawa yetu. Lakini hiyo sifa ya kunywa maji ndiyo inayotuua. Mvua kali ya saa moja, nyingi yake huteleza juu juu na kuishia mtoni. Mvua ya wiki tatu, ile ya pole pole isiyokoma hata usiku, huingia ndani. Inashuka mpaka mahali udongo unapokutana na mwamba, ama na tabaka la udongo mfinyanzi lisilopitisha maji, na hapo inakwama. Maji yakijaa kule chini yanaanza kuusukuma udongo juu, chembe zinaachana, na mteremko mzima unakuwa umeketi juu ya kitu kama sabuni.

Halafu kuna uzito. Chuo niliacha, lakini hesabu hii ni ya shule ya msingi: milimita 100 za mvua zikianguka kwenye eka moja ni takriban tani 400 za maji. Sehemu zilizo karibu na msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja kati ya Machi na Mei. Sawa, si yote hubaki ardhini. Chukua hata robo yake, halafu ujiulize kilima kimebeba nini kufikia mwisho wa Aprili. Ndiyo maana udongo unaweza kushuka siku ambayo mvua imetulia na watu wameshaanza kuanika mahindi.

Sasa turudi nyuma.

Kabla ya wazungu, wazee walijenga juu, mgongoni. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani watu wote waliotoka kwa mzee mmoja, na familia moja ilikuwa na vipande vingi vidogo vilivyotawanyika. Kimoja juu karibu na nyumba, kingine katikati, kingine bondeni kwa nduma na miwa. Kipande kikichoka kinaachwa kipumzike, vichaka vinaota. Mteremko mkali ulikuwa wa mbuzi na kuni. Sisemi ilikuwa paradiso. Watu walikuwa wachache, hiyo ndiyo siri kubwa. Wala sisemi kilima hakikuwahi kuanguka. Lakini kikianguka, mara nyingi kilikuwa kinaangukia vichaka, si kitanda cha mtoto.

Na kulikuwa na mambo ambayo watu walikuwa wameyaona bila kuyasomea. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, kwenye miteremko hii hii ya Nyandarua. Katika kitabu chake Unbowed anaeleza kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao, ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake kwa sababu ni mti wa Mungu. Alipokuja kuwa mwanasayansi ndipo akaunganisha mambo: mizizi ya mugumo hupenya chini sana mpaka kwenye mwamba, maji ya ardhini yanapata njia ya kutokea kama chemchemi, na udongo unashikiliwa. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Yaani mwiko wa shosho ulikuwa unafanya kazi ambayo leo tunatafutia wafadhili.

Wazungu walipokuja waliuita mji wetu Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, afisa wa Kiingereza aliyefia huko 1901. Hiyo ya jina tuiache. Iliyotuumiza zaidi ni ardhi. Mashamba mazuri ya chini na pembeni yalichukuliwa na walowezi, Wakikuyu wakabanwa kwenye maeneo yaliyotengwa, na Tume ya Carter, iliyokaa kuanzia 1932 hadi 1934, ikafunga mlango: mpaka ni huo, hakuna kurudishiwa. Watu wakaongezeka ndani ya uzio uleule. Hakuna tena kipande cha kuacha kipumzike. Jembe likapanda kwenye mteremko, udongo ukaanza kuteremka.

Wakati huohuo huko Marekani, miaka ya 1930, ukame na kilimo kibaya vilifanya upepo ubebe udongo wa majimbo mazima ukawa mawingu meusi. Habari hizo zilitisha maafisa wa Uingereza Afrika nzima. Wakaangalia Fort Hall na kuona mifereji mekundu kwenye vilima, wakasema hawa wenyeji hawajui kulima. Dawa waliyochagua haikuwa kutupa ardhi zaidi. Ilikuwa matuta.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kuchimba matuta kukawa lazima. Asubuhi mbili kila wiki, bila malipo, chifu akisimamia. Nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa Nairobi ama kwenye mashamba ya walowezi wakitafuta pesa ya kodi. Waliobaki na jembe ni wanawake. Mtu ana watoto, ana shamba lake linalomngoja, ana maji ya kuteka bondeni na kuni za kubeba, halafu unamwambia asubuhi mbili ni za serikali. Ngwatio tunaijua, ni leo kwako kesho kwangu. Hii haikuwa ngwatio. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo haikuwa ya kijinga hata kidogo: kwamba shamba likishapendezeshwa, mzungu atalichukua. Si walikuwa wameona ikifanyika?

Julai 1947 kulikuwa na mkutano mkubwa Fort Hall, ukaamua wanawake wasiende tena kwenye matuta. Mwaka uliofuata, 1948, wanawake wapatao 2,500 walifika makao ya wilaya wakiimba na kucheza, wakamwambia DC hawachimbi, nyumbani wana kazi ya kutosha. Baadaye baadhi yao walipokamatwa, wenzao walikuja kundi zima na vijiti mkononi, wakapiga nduru, wakawatoa. Haya yamo kwenye ripoti za wilaya zilizoandikwa na serikali yenyewe, na unaweza kusikia kwenye lugha yao kwamba walishtuka. Walikuwa wamejiandaa kwa siasa za wanaume wenye suti. Hawakuwa wamejiandaa kwa akina shosho.

Nikiwa shule hakuna mtu aliniambia stori hii. Tulifundishwa Harry Thuku, tukaruka hadi Kapenguria. Ilhali hapa kuna maandamano makubwa kuhusu udongo, yaliyofanywa kwenye mji ambao mimi hupandia matatu.

Kuna watu wakisikia hii stori husema, ona sasa, wangechimba tu matuta leo tusingekuwa tunazikana. Mimi sikubaliani, na sababu si uzalendo. Tuta ni kitu kizuri. Lile la fanya juu, ambapo unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, limesifiwa mpaka jina lake la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Kazi yake ni kuzuia udongo wa juu usisombwe. Lakini udongo wa juu kusombwa na kilima kizima kushuka ni magonjwa mawili tofauti. Tuta husimamisha maji yakaingia ardhini. Kwenye mteremko wa wastani hiyo ni baraka. Kwenye mteremko mkali wenye udongo wa kina, bila mtaro wa kuyatoa maji ukayapeleka mahali salama, unaweza kuwa unakijaza kilima maji kwa mkono wako mwenyewe. Wanawake wa 1948 hawakutuletea maporomoko. Kilichotuumiza ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyekaa nao chini kuwauliza: basi nyinyi mngetaka mteremko huu ufanywe nini?

Badala yake ikaja Hali ya Hatari, 1952. Kuanzia 1954 watu walihamishwa kwa nguvu. Zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu na majirani waliingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Nyumba za zamani zilichomwa. Na ndani ya vijiji hivyo matuta yakarudi, safari hii kama adhabu. Wanawake walichimba matuta, walichimba barabara, walichimba ule mtaro mrefu wa kuzuia wapiganaji wasitoke msituni. Ukimwuliza mzee wa umri huo kuhusu matuta usishangae akinyamaza. Uhuru ulipofika, kwa wengi kuliacha tuta libomoke ilikuwa sehemu ya uhuru.

Na wakati watu wamefungiwa vijijini, ramani ilichorwa upya. Hapa ndipo jibu la swali la Roysambu linapoanzia hasa.

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulisema vipande vilivyotawanyika viunganishwe, kila mtu apate shamba moja, lipimwe, liandikwe jina lake, apande kahawa au chai. Kwenye karatasi ni safi. Wengine waliokuwa msituni ama kizuizini walikuta shamba limegawanywa bila wao. Fort Hall kazi ilifanywa vibaya, upendeleo ukajaa, mpaka sehemu kubwa ikabidi irudiwe. Lakini nataka uangalie umbo la shamba. Ili kila mtu apate barabara na kila mtu apate maji, wapimaji walichora kanda ndefu nyembamba zinazoanzia barabarani juu ya rũgongo na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako, tafuta Kangema, vuta karibu. Utaziona. Kama mbavu za mbuzi.

Kwa mtu mmoja, ukanda huo ni sawa kabisa. Nyumba juu, kahawa au chai katikati, nduma na nyasi za ng'ombe chini. Guka aliyepewa shamba hilo hakuishi kwenye mteremko. Aliishi juu kwenye tambarare, kama babu zake.

Halafu guka akazaa. Tuseme vijana watano. Wa kwanza akajenga kando yake, juu. Wa pili akajibana hapohapo. Wa tatu akaambiwa jenga chini ya chai. Wao nao wakazaa. Mwaka wa 1948 Kenya ilikuwa na watu milioni 5.4. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 47.6, na Murang'a peke yake zaidi ya milioni 1. Rũgongo haukurefuka. Kila kizazi kilipogawana, mtoto wa mwisho alishuka hatua nyingine kuelekea mtoni. Kwenye familia nyingi ukitaka kujua nani alizaliwa mwisho, ama nani mamake hakuwa na sauti, angalia nani amejenga chini kabisa.

Na kujenga chini kuna gharama yake. Mteremko hauna tambarare, kwa hivyo unaikata. Unachimba ndani ya kilima mpaka upate upana wa nyumba ya vyumba viwili, udongo unaumwaga mbele kama uwanja, nyuma yako kunabaki ukuta wa udongo mtupu wima kama wa machimbo. Umeondoa mguu wa kilima. Kila kilicho juu kilikuwa kimeegemea ule udongo uliochimba. Juu yako kaka yako naye amekata vivyo hivyo, maji ya bati lake yanamwagika nyuma ya nyumba yako, choo chake kiko mita chache kutoka kwa ukuta wako. Halafu kaunti inaleta tingatinga kupanua barabara juu, udongo unamwagwa upande wa chini, mtaro wa barabara unaelekezwa, wapi? Kwenye shamba la mtu.

Sheria ya kuzuia haya ipo. Kanuni za matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Kilimo, za 1965, zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani ule unaopanda zaidi ya mita 35 kwa kila mita 100 unazosonga mbele. Ushago kwetu hiyo tunaita tambarare. Serikali ilijua, kwa sababu ni ileile iliyokuwa ikihimiza chai kwenye vilima hivyo. Ungefuata kanuni hiyo neno kwa neno ungefunga nusu ya Mathioya, kwa hivyo haikufuatwa, na hakuna aliyekuja na mpango mwingine.

Siwezi kusema chai ni adui. Ikifunga vizuri inafunika udongo, matone hayaupigi moja kwa moja. Ukanda wa chai ya Nyayo uliopandwa kuanzia 1986 kando ya msitu umezuia watu kuendelea kukata ndani. Lakini kichaka cha chai si msitu, na kiwanda cha chai kinahitaji kuni za kukausha majani. Hapo ndipo mkaratusi unapoingia, ule tunaouita munyua mai, mnywaji wa maji. Unakua haraka, una soko, unalipa karo. Mwaka wa 2009 John Michuki, mbunge wa Kangema wakati huo akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ung'olewe kando ya mito. Michuki alikuwa mkali, matatu zote zinamkumbuka. Lakini nenda leo uangalie kingo za mito hiyo. Mtu hawezi kung'oa karo ya mtoto kwa sababu waziri amesema.

Na kabla mtu aseme "pandeni tu miti": mizizi inasaidia pale inapofika. Udongo ukikatikia chini ya mizizi, miti yote inashuka nayo ikiwa imesimama wima. Sehemu kama hizo zinahitaji maji yatolewe na watu wasikae chini yake, basi.

El Niño ya 1997 na 1998 ndiyo iliyofungua macho ya wengi. Miteremko ya Murang'a ilikatika mahali pengi kiasi kwamba wanajiolojia Ngecu na Mathu waliandika utafiti mzima kuhusu maporomoko hayo na hasara iliyoachwa, ukatoka 1999. Mwaka huohuo Ngecu na mwenzake Ichang'i walichapisha mwingine kuhusu kijiji cha Maringa, miteremko hii hii ya mashariki ya Nyandarua. Kwa hivyo tafadhali tusidanganyane kwamba haikujulikana. Imekuwa kwenye maktaba tangu kabla sijazaliwa. Ikaja 2018, tena. Ikaja 2024, tena. Hapo katikati, Oktoba 2023, Rais Ruto alitangaza kwamba ile El Niño tuliyoogopeshwa haitakuja, na kufikia Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Utabiri ni kazi ngumu, sikatai. Ila mtu wa mteremkoni huwa hapewi nafasi ya kukosea mara mbili.

Mto na kilima ni stori moja, na hii wengi hawaioni. Udongo ukiangukia bonde jembamba unaziba mto. Chini yake maji yanapungua, watu wanashangaa, wengine wanashuka kuangalia. Nyuma ya ule udongo ziwa linajaa, halafu linapasuka. Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, ilikuwa jambo linalofanana na hilo: kwa maelezo ya Wizara ya Maji, njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa uchafu na matope, maji yakajaa nyuma yake, usiku tuta likaachia. Zaidi ya watu 45 walikufa. Na matope yanayopita salama kwetu hayapotei. Yanaenda Tana, yanatulia Masinga, lile bwawa la 1981 linalopaswa kutupatia stima. Bwawa likijaa na kufurika, anayeogelea ni mtu wa Garissa na Tana River ambaye hajawahi kuiona chai ikiwa shambani.

Nairobi nayo imo. Mabomba yenu yanategemea Ndakaini, na tangu 2022 kuna handaki la kilomita 11.8 chini ya vilima vyetu linalochukua maji ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka huko. Mwaka wa 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo mashirika na kampuni zinazotumia maji zinachangia kusaidia wakulima wa huku juu kutunza udongo. Hiyo ni akili nzuri na ningetaka iwe mara kumi zaidi. Anayekunywa maji ya mteremko alipie mteremko.

Sasa hii ya "hameni." Kila Aprili chifu anaitisha baraza, anasema wanaoishi sehemu hatari wahame. Wahame waende wapi? Wiki mbili kanisani ama shuleni, mvua ikiisha wanarudi kwa ng'ombe wao. Waganda wameijaribu kwa ukubwa kuliko sisi. Machi 2010 mlima ulishuka Bududa, kwenye Elgon, ukafunika kijiji cha Nametsi, mamia ya watu wakafa. Serikali ikahamisha maelfu hadi Kiryandongo, mbali kabisa, mahali pakavu, lugha tofauti, mazao tofauti. Wengi walirudi mlimani. Oktoba 2018 Bududa ikashuka tena, watu zaidi ya 40 wakafa. Ukimhamisha mtu mahali ambapo kahawa yake haimei na hana ndugu, umempa tu nauli ya kurudi. Hapa kwetu, Novemba 2025 ilikuwa Chesongoch, Elgeyo Marakwet, na zaidi ya watu 20 walikufa kwenye bonde ambalo kila mtu alijua limewahi kushuka.

Kwa hivyo mimi naangalia ule ukanda, kwa sababu ndio ulio mikononi mwetu. Familia nyingi za rika langu ziko karibu kugawana. Guka ameenda, shosho amezeeka, mpima ardhi ataitwa, na atafanya kile kinachofanywa siku zote: atauchana ukanda uwe kanda nyembamba zaidi ama auchanje vipande kutoka juu hadi chini, mdogo apewe cha mtoni. Kuna njia nyingine. Nyumba zote ziwekwe juu kwenye tambarare, ploti ndogo ndogo za futi 50 kwa 100, zikaribiane hata kama tutasikilizana tukikoroma. Mteremko wote ubaki shamba moja la familia, chai na miti, hati moja, mapato yagawanywe. Maji ya mabati yote yaingie kwenye mtaro mmoja unaoshuka mahali tumechagua. Hiyo karibu ni mbari ya zamani, tofauti ni kwamba sasa ina akaunti ya benki.

Hadi mpimaji afike, wewe uliye chini kwa sasa, angalia ardhi yako. Nyufa zinazojitokeza juu ya nyumba na kupinda kama mwezi mchanga. Miti na nguzo za stima zinazoinama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, ama ya zamani iliyobadilika rangi. Na mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, usishuke kupiga video. Toka bondeni, panda kwa pembeni, na umpigie chifu.

Nilileta wazo la nyumba juu kwenye kikao cha familia yetu. Shosho alilipenda. Binamu zangu wawili wa kike walilipenda zaidi, kwa sababu Katiba ya 2010 inawapa haki ya kurithi na walikuwa wameshaona wanasogezwa kuelekea kwa nduma. Baba mdogo aliuliza maswali mawili. La kwanza, nani atashika pesa za chai. La pili, benki gani itanikopesha kwa hati ambayo nimeandikwa na watu kumi na mmoja. La kwanza tulipata jibu kabla ya chai kupoa: shosho na binamu mkubwa, kila robo mwaka, kwa maandishi. La pili bado tunalo.